Bafta ya Kidole Gumba

Bibi Zuleha aliswali vizuri, hilo halina ubishi, lakini macho yake hayakuwa na adabu. Ulimi ukisoma, macho yalizunguka chumba: yameona utando wa buibui pembeni mwa dari, yameona mjusi kapita, yameona mjukuu wake Munira kachelewa kurukuu. Mwenyewe aliijua aibu yake hiyo. Kila siku aliiombea msamaha, na kila siku akairudia. Basi ni macho hayo hayo yaliyogundua, adhuhuri moja ya Jumamosi, upepo wa kiangazi ukirusha vumbi dirishani, kwamba Munira hakai tahiyatu kama alivyofundishwa.

Mtu akikaa tahiyatu, unyayo wa kulia husimama, vidole vikakunjwa juu ya mkeka. Bibi ndiye aliyemfundisha, tangu hajaota meno ya pili, akimshika kidole gumba cha mguu na kukikunja taratibu mpaka kielekee kibla. Leo binti wa miaka kumi na mitano kakaa upande, miguu yote kaitupa kando, kama mtu aliyekaa uani anachambua mchele.

Bibi alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, na hata hajamaliza kufuta uso akaanza.

"We Munira! Ndiko kukaa gani huko?"

"Nimechoka, Bibi."

"Umechoka na nini? Maji nimechota mimi, ua nimefagia mimi. Wewe umechoka na nini, na kulala?"

Munira alicheka kidogo, cheko la kumpoza mtu, akaukunja mkeka na kutoka akikanyagia kisigino. Soksi hakuvua. Siku hizi hata kulala alilala nazo, na alipoulizwa alisema anasikia baridi. Bibi alimwangalia mpaka akaingia chumbani, akajisemea kwamba watoto wa siku hizi wanazaliwa wamechoka.

Lakini neno lile la soksi lilimkaa.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kikuyu, si mbali na mjini, nyumba ya zamani yenye ua mpana na mzabibu mmoja mzee uliopandwa na marehemu Mzee Abdulnasiri, mume wa Bibi. Humo alikaa Bibi, mwanawe Shaban ambaye ni dereva wa lori la mchanga, mkewe Shaban aitwaye Arafa, na Munira. Arafa aliondoka na giza la alfajiri kwenda Mtumba, kuwapikia wafanyakazi wa wizara chakula cha mchana, akarudi jioni akinuka kitunguu. Kwa hiyo mtoto alilelewa na Bibi, na Bibi alimlea kuanzia utosini mpaka unyayoni bila kuacha kitu.

Unyayoni hasa. Kila Ijumaa, kabla ya shule, Munira aliweka miguu mapajani mwa Bibi akakatwa kucha. Bibi hakutaka kusikia habari za vile vikatio vya dukani. Alitumia wembe, mpya kila mara, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Na hakukata juu juu. Aliingia pembeni, kule kucha inakojificha chini ya nyama, akachokonoa akazungushia mpaka pembe zote mbili zikawa duara. "Uchafu unakaa pembeni," alisema. "Maji ya udhu yasipofika hapa, umeswali au umefanya mazoezi?" Kisha alizikusanya zile kucha kwenye kiganja, hata moja isianguke, akaenda kuzifukia chini ya mzabibu, kwa kuwa kitu kilichokuwa sehemu ya mtu hakitupwi jalalani.

Zamani kidogo Munira alianza kujikunyata wembe ukifika kidole gumba cha kulia. "Bibi, hapo panauma." Na Bibi kwa mapenzi yote akazidi kuingia ndani. Panauma? Basi kuna kitu, kitolewe. Wiki ya pili akachimba zaidi, wiki ya tatu zaidi tena. Halafu ikaja Ijumaa Munira akasema, "Leo nimekata mwenyewe," na tangu hapo miguu ile haikuonekana tena mapajani.

Jumatatu iliyofuata, saa ya chai, Munira alirudi nyumbani kabla ya wakati. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu cheusi cha shule. Wa kulia ulikuwa na kandambili nyekundu.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Mwalimu wa zamu kasema nirudi nikiwa na viatu viwili."

Habari zilitoka kidogo kidogo, na chozi juu yake. Kiatu kilikuwa hakiingii tena. Asubuhi hiyo aliamua liwalo na liwe, akavaa kandambili. Mwalimu alimtoa mstarini akamsimamisha mbele ya shule nzima, akamuuliza amekuja darasani au anakwenda kuoga, na shule nzima ikacheka. Hilo angelivumilia. Lakini darasani Miriam, rafiki yake wa tangu la kwanza, alisogea kidogo kuelekea dirishani, akasogea tena, mwishowe akamnong'oneza kwamba kuna harufu. Kisha akamwomba radhi kwa kusema. Ile kuombwa radhi ndiyo iliyomliza Munira mpaka akashindwa kuona ubao.

"Lete mguu," alisema Bibi.

"Bibi, usikate."

"Nani kasema nakata? Lete nione."

Soksi ilikuwa imegandia. Bibi aliilowesha kwa maji ya vuguvugu, akaivuta polepole huku akipuliza, kama alivyompulizia uji alipokuwa mdogo. Ilipotoka, aliinama kutazama.

Kidole kilikuwa kimevimba mpaka kinang'aa. Pembeni mwa kucha nyama mbichi ilikuwa imeota ikaipanda kucha na kuifunika, nyekundu, imelowa usaha. Na harufu. Wallahi Bibi Zuleha aliijua harufu ile. Aliwahi kulala nayo chumba kimoja.

Hakugomba, hakuuliza kwa nini umenificha, na hilo lilimtisha Munira kuliko wembe wowote. Jirani yao Mishi alikuwa kaja kuazima chekeche. Alichungulia begani mwa Bibi, akajishika kifua.

"Yarabi! Zuleha, hicho usikipeleke hospitali, watakikata! Umesahau ya marehemu?"

"Chekeche lile pale," alisema Bibi. "Chukua uende."

Arafa alipofika jioni na kuonyeshwa, mkoba ulimdondoka.

"Mama! Kidole kimefika hapa na mimi naambiwa mtoto anadeka? Kesho asubuhi hospitali."

"Haendi."

"Mama, kinatoa usaha!"

"Nimesema haendi. Tutakiosha kwa chumvi, tutaweka manjano. Baba yenu alikwenda hospitali anatembea kwa miguu yake. Alirudi vipi?"

Shaban alikuwa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Alikiweka chini. Katika nyumba ile Mzee Abdulnasiri alitajwa kila siku: duka lake la kanga, utani wake, kicheko chake kilichokuwa kikisikika mtaa wa pili. Mguu wake haukutajwa kamwe. Ulianza na kidole gumba. Wakakata kidole, ikaja zamu ya nusu ya unyayo, mwisho wakakata goti. Na kwa kuwa kiungo cha Mwislamu hakitupwi, hospitali iliwakabidhi mguu ule, wakauzungushia bafta nyeupe, nguo ya sanda, ukazikwa makaburini kabla ya mwenyewe.

"Niliubeba mimi," alisema Shaban.

Arafa alimtazama mumewe. Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kulisikia.

"Nilikuwa kijana tu. Nimeupakata ndani ya teksi, dereva ananiuliza bosi umebeba nini, namjibu vitambaa. Ulikuwa mzito, Mama. Sikujua kwamba mguu wa mtu ni mzito vile." Alifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Lakini Baba alikuwa na sukari. Na sisi tulimchelewesha. Tulikaa naye hapa na manjano yetu na mafuta ya taa, mpaka tulipompeleka hakuna cha kuokoa. Tulimchelewesha."

Bibi alifungua mdomo ajibu.

Hapo ikasikika sauti kutoka mlangoni. Munira alikuwa kasimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani.

"Bibi, wakikikata, na mimi nitaswali kwenye kiti kama Babu?"

Walidhani hakumbuki. Alikuwa mdogo mno, anajifunza kuvaa kandambili, na bado kiti kile cha plastiki cha bluu alikihifadhi kichwani. Arafa aligeukia ukutani akajifuta kwa upande wa kanga. Bibi ndiye aliyeinuka, magoti yakilia.

"Nitampeleka mimi."

"Mama, mimi ndiye mzazi wake, niache—"

"Wewe una masufuria ya watu. Nitampeleka mimi. Babu yake alipoingizwa nilibaki mlangoni, nikaambiwa subiri hapa, na mimi nikasubiri. Huyu sisubiri mlangoni."

Aliingia chumbani mwake. Chini kabisa ya sanduku lake la bati, chini ya kanga za harusi, kulikuwa na bafta aliyojinunulia mwenyewe, sanda yake, imekunjwa na karafuu maiti, inamngojea siku yake. Aliitoa. Wale waliobaki uani walisikia nguo ikichanwa, mchano mmoja mrefu, na hawakujua ni nini.

Kwenye kituo cha afya kijana wa dirishani aliuliza shida nini. Bibi akainama kumjibu kwa siri, naye akarudia kwa sauti ya muuza mnada: "Kidole kinatoa harufu? Haya, kaeni benchi la mwisho kule." Watu wote waligeuka. Walipokaa, bwana mmoja mwenye miwani alivuta kola ya shati lake akaziba pua.

"Na wewe ulizaliwa unanukia asmini?" Bibi alimuuliza.

Bwana alishusha kola. Munira alitaka ardhi ipasuke aingie, lakini bega lake lililogusana na la Bibi lilitikisika kidogo, na Bibi akajua anacheka. Alhamdulillahi, akasema moyoni. Bado anaweza kucheka. Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kile kipande cha bafta.

Daktari alikuwa msichana, au machoni pa Bibi alikuwa msichana: mwembamba, mwenye msalaba mdogo shingoni, aitwaye Daktari Dorothea. Alisema shikamoo kwanza, ndipo akavuta kigoda akaketi chini ya miguu ya Munira na kuushika ule mguu kwa mikono miwili. Hakukunja uso. Hakuziba pua. Aliuinamia kabisa, akaugeuza huku na huku, na Bibi akashangaa kwamba mtu asiye wa damu yake anaweza kumshika mtoto wake vile.

"Kinauma tangu lini, mdogo wangu?"

"Tangu kabla ya mitihani."

"Na umekuwa ukitembea nacho hivi? We shujaa."

"Daktari," Bibi aliingilia, "mtakata mpaka wapi?"

"Mpaka wapi kivipi, Bibi?"

"Babu yake mlikata kidole, mkarudi mkakata unyayo, mkarudi mkakata goti. Mimi sitaki kuambiwa nusu nusu. Niambie leo, nijue."

Daktari Dorothea aliuweka mguu chini taratibu. Alimtazama Bibi, akamtazama Munira aliyekuwa kafumba macho, na akaacha kutabasamu.

"Babu alikuwa na kisukari?"

"Ndiyo."

Alichukua kimashine, akamchoma Munira ncha ya kidole cha mkono, tone la damu likaingia, wakangoja. Bibi alisoma kila aya iliyomjia. Daktari alikigeuza kimashine wakione.

"Sukari yake ni safi kabisa. Bibi, nisikilize vizuri. Huyu hana ugonjwa wa Babu yake. Huyu ana kucha iliyoota kuingia ndani ya nyama. Hakuna kidole kitakachokatwa hapa."

"Kucha?"

"Kucha."

"Kucha hii hii? Ndiyo inanuka hivi, inamzuia mtoto shule?"

"Kucha hiyo hiyo. Natoa kipande cha pembeni, anakwenda nyumbani leo leo kwa miguu yake miwili." Alianza kuvaa glovu. "Ila si jambo zuri kutazama. Ungesubiri pale nje—"

"Sisubiri nje."

Daktari alielewa kwamba hilo halijadiliwi, akamsogezea kiti.

Alichoma sindano mbili, kila upande wa shina la kidole. Munira aliuma kanga ya Bibi na machozi yalimtoka bila sauti. Kisha wakangoja kidogo, na Daktari akakigonga kidole kwa kibano.

"Unasikia?"

"Sisikii." Munira aliinua kichwa, akakodoa. "Bibi! Nakiona lakini hakipo! Shika, mwambie Daktari akigonge tena. Hakipo!"

Daktari alifunga mpira mwembamba shinani damu isitoke nyingi. Alipitisha chuma chembamba chini ya kucha, akaiachanisha na nyama, na Bibi aliyezoea kuchinja kuku bila kupepesa akashika ukingo wa kiti. Lakini hakugeuza uso. Kama yapo macho duniani yaliyoumbwa kutazama yasiyowahusu, ndiyo haya, na leo kwa mara ya kwanza yalikuwa mahali pake. Mkasi mdogo uliikata kucha kutoka mbele kwenda nyuma, wima, upande mmoja tu. Kibano kikashika. Daktari alizungusha kifundo cha mkono, polepole, kama mtu anayefungua kufuli la zamani.

Ikatoka.

Ilitoka, ikaendelea kutoka. Bibi alidhani imekwisha, kumbe kilichokuwa kikionekana juu ni kidogo tu, kingine kilikuwa kimelala ndani, cheupe, laini, mpaka kwenye mzizi. Na pembeni mwake, pale kilipokuwa kimezama nyamani, palikuwa na ncha. Imechongoka kama mwiba wa samaki. Ndiyo iliyokuwa ikimchoma mtoto kila hatua, kila kiatu, kila tahiyatu. Daktari alikilaza juu ya pamba, na mbele ya macho yao kidole kile kikawa kama kimeshusha pumzi.

"Subhanallah," alisema Bibi. Hofu yote iliyojaa nyumba yake, maneno yote ya Mishi, kicheko cha shule nzima, mume aliyefufuliwa na kuzikwa tena jana jioni kwenye ua wake, vyote vilitoka kwenye kitu chembamba kuliko punje ya mchele. Akamtazama mjukuu wake upya, kuanzia nywele mpaka kule chini. Mwili ule ameuogesha, ameupaka mafuta, ameunawisha udhu tangu utotoni, na kumbe hakujua hata kucha inakaaje ndani yake.

Daktari alipaka dawa ya kuchoma mzizi wa upande ule ili kipande kile kisiote tena. Alipokuwa akifunga bendeji, akauliza kwa kawaida tu, jinsi wanavyouliza:

"Viatu vya kubana vimechangia, utafute vipana mbele. Lakini hii ncha inatokana na kukata kucha vibaya. Mtu anaingia pembeni, anazungusha duara, wembe unaacha kijiba asichokiona. Kucha ikikua, kijiba kinaingia nyamani. Kikiuma anachimba zaidi, anaacha kingine ndani zaidi. Nani anakukata kucha?"

"Mwenyewe," alisema Munira.

Alilisema haraka, bila kugeuza macho, kama mtu aliyelitayarisha siku nyingi. Bibi aligundua kwamba kweli amelitayarisha. Mtoto alikuwa anajua. Alijua ni wembe, na alichagua kuvaa soksi usiku, na kusimama mbele ya shule na kandambili, kuliko kuja kumwambia bibi yake kwamba mkono wako unaniumiza. Uchungu ulimpanda Bibi. Lakini pamoja nao ulipanda mshangao mkubwa zaidi: kwamba amelelewa mtoto wa namna hii ndani ya nyumba yake.

"Mwongo huyo," alisema. "Ni mimi. Kila Ijumaa, kwa wembe. Nilikuwa namsafishia pembe."

"Mabibi wengi hufanya hivyo," alisema Daktari Dorothea kwa upole. "Mama yangu pia. Haikuwa nia mbaya."

"Nia haikati kucha, mwanangu." Bibi alivuta pumzi, akaingiza mkono mkobani, akatoa kile kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya magoti yake. Harufu ya karafuu maiti ilijaa chumba. "Haya, nipe."

"Nikupe nini, Bibi?"

"Ulichokata."

Muuguzi aliyekuwa akikusanya vyombo alibana midomo asicheke. Daktari alianza kusema kwamba taka zote huchomwa. Kisha akakitazama kitambaa: ukubwa wake, weupe wake, ukingo wake uliochanwa kwa mkono. Akaelewa mwanamke huyu ametoka nyumbani kwake leo asubuhi amejiandaa kubeba nini. Alikichukua kile kipande cha kucha kwa kibano, akakiosha kwa dawa, akakausha, akainama na kukiweka katikati ya bafta.

Hakikuonekana. Weupe juu ya weupe. Ilibidi Bibi akiguse ahakikishe kipo.

Munira alikuwa ameinuka kwenye kiwiko, anatazama.

"Bibi, kitambaa hicho cha nini?"

"Cha kucha," alisema Bibi Zuleha, na hapo ndipo alipolia.

Shaban alikuwa ameliacha lori lake Ihumwa na mchanga wa watu juu, akaja kuwasubiri. Walipoingia uani, Munira akikanyagia kisigino na bendeji kubwa kuliko kidole chenyewe, Shaban hakumwona Munira. Aliona mikono ya mama yake, na kitu kilichozungushiwa bafta. Aliegemea nguzo ya mlango.

"Mama. Kimekatwa?"

"Shika."

"Mama, siwezi. Mwingine, siwezi."

"Shika, nakwambia."

Alishika. Uso wake ulibadilika kwa wepesi wa kile alichokishika. Alikifungua kunjo kwa kunjo, akakiinamia, akapapasa, akakiona. Alimtazama mama yake, akamtazama binti yake.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, Baba," alisema Munira. "Nilikiona kikitoka. Hata hakikuuma."

Jitu lile zima, linaloshindana na malori barabarani, liliketi chini kwenye vumbi likalia na kucheka kwa pamoja, na Mishi akachungulia ukutani akidhani msiba. Kisha Shaban akachukua jembe. Alichimba chini ya mzabibu, na alichimba kwa nguvu, shimo la kina la kumtosha mbuzi, na hakuna aliyemwambia basi inatosha. Bibi aliweka bafta yake chini kwa mikono miwili. Walifukia, wakasimama kidogo, na hakuna aliyejua dua ya kucha ni ipi, kwa hiyo wakasoma Fatiha ya Mzee Abdulnasiri.

Shule zilipofungwa, kidole kilikuwa kimekwisha pona. Ijumaa ya kwanza ya likizo Bibi alikuwa uani, ameketi na kikatio cha dukani, kipya, alichonunua Arafa. Amekifungua, amekifunga. Munira alitokea, akaketi, akaiweka miguu yake mapajani mwa Bibi bila kuitwa.

"Kakate mwenyewe," alisema Bibi. "Mkono wangu huu siuamini tena."

"Mimi nauamini. Ila kata kwa kunyoosha. Usiingie pembeni."

"Na uchafu?"

"Tutausugua na brashi, Bibi. Kata."

Bibi alikata. Alipofika kidole gumba cha kulia, ambacho kucha yake sasa ilikuwa nyembamba upande mmoja, akaikata moja kwa moja, juu, bila kuzungusha. Alipumua. Akaziokota zote akaenda kuzifukia.

Adhuhuri walitandika mikeka yao, wawili, bega kwa bega. Bibi alikusudia kwa dhati kwamba leo macho yatatulia. Yalitulia rakaa ya kwanza, na ya pili. Ilipofika tahiyatu yakamponyoka, yakateremka pembeni, nyuma ya mkunjo wa kanga ya Munira. Unyayo wa kulia ulikuwa umesimama. Vidole vyote vitano vilikunjwa juu ya mkeka, kidole gumba kimebeba uzito wake na kuelekea kibla, kimetulia, hakiogopi.

Alikitazama. Alikitazama mpaka Munira akainuka na yeye bado kakaa, akainuka kwa pupa nyuma yake, na aliposimama hakujua yuko rakaa ya ngapi. Bibi Zuleha, mwenye kuswali tangu ujana wake, hakujua. Basi alitegemea alilokuwa na uhakika nalo, akaendelea mpaka mwisho, na kabla ya kutoa salamu aliweka paji lake la uso chini kwa sijida ya kusahau, na mara hii macho yake yalikuwa yamefumba.